Umelipia HD, Unaangalia Ukungu

Leo sizungumzii nywila za simu wala mawifi, ingawa barua zenu kuhusu mawifi ninazo na nitazifikia. Leo tuongelee ugomvi mdogo unaoingia kwenye nyumba za vijana siku hizi bila hodi: ugomvi wa picha ya muvi. Mmelipia kifurushi kikubwa, mmenunua bando, mmezima taa, bisi ziko kwenye bakuli, halafu picha inakuja kama mnaitazama kupitia chandarua. Mmoja anasema kompyuta mbovu. Mwingine anasema mtandao. Dakika kumi baadaye hamzungumzii muvi tena, mnazungumzia mahari.

Nikwambie mapema: zipo nyumba ambazo kompyuta ni nzima, mtandao ni mzima, na mwenzako hana kosa lolote. Picha imepunguzwa makusudi na yule yule anayekuuzia, kwa sababu ya programu endeshi iliyomo kwenye kompyuta yako. Kwenye risiti halipo neno hilo. Limo ndani kabisa ya kurasa za msaada, mahali ambapo mtu mwenye bisi mkononi hafiki.

Haya nimeyaona Goweko. Kwa wasioijua, Goweko ni stesheni ya reli ya kati, wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912, na mpaka leo treni ikisimama watu wanaamka. Kuna asali, kuna tumbaku, kuna miombo mpaka macho yachoke. Mdogo wangu ni muuguzi huko, na mumewe ni mwalimu. Yeye ana zamu za usiku, mwalimu ana daftari za kusahihisha, kwa hiyo jioni yao ya pamoja ni moja tu kwa juma, Jumamosi. Sola inachaji mchana kutwa kwa ajili ya jioni hiyo. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao shemeji akaamua kuonyesha mapenzi kwa vitendo: akalipia huduma moja ya filamu mtandaoni, kifurushi cha juu kabisa, kile kinachoandikwa 4K.

Kompyuta yenyewe ni mpakato ya mtumba, imara, ila umri umekwenda. Ilikuwa na Windows 10. Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 bure, na mashine nyingi za umri ule hazikubaliwi na Windows 11. Shemeji, kama maelfu ya watu wengine duniani, akaingiza Linux. Na kusema kweli alifanya vizuri. Kompyuta ikawa nyepesi, virusi vya kwenye flashi za wanafunzi havikumsumbua tena, na alama za mitihani anaziandika humo bila kulipia leseni.

Sasa nikafika mimi, na mfuko wangu wa mchele. Sijapumzika vizuri mdogo wangu akanivuta jikoni.

"Dada, huyu mwalimu ameniletea kompyuta ya Linux eti ni ya bure. Vya bure ndiyo hivi, unaangalia muvi humjui nani ni nani mpaka aongee."

Lakini haikuwa hiyo tu. Nilimjua tangu mdogo, akishika ufagio bila kufagia ujue kuna jambo. Alikuwa amepiga hesabu: pesa ya kifurushi na bando kwa mwezi inakaribia gunia la mahindi wakati wa mavuno. Na alishaanza kuwaza kwamba mumewe amelipia kifurushi cha chini, akamwambia ni cha juu, na chenji imekwenda kunywewa soda na mtu mwingine. Hakuwa amemwuliza. Alikuwa anaihifadhi, kama tunavyohifadhi wanawake, mpaka siku ije itoke yote kwa pamoja. Shemeji naye, mtu wa maneno machache, alikuwa ameshaona kwamba zawadi yake haipendwi na amenuna kimya kimya.

Mimi si fundi. Ila nimekaa na vijana wa kompyuta mjini kiasi cha kujua pa kuanzia, nikasema tupime vitu kimoja kimoja, wote wawili wakiwepo.

Kwanza risiti. Shemeji akafungua barua pepe: kifurushi cha juu, kimelipwa, tarehe ile ile aliyosema. Pili mtandao. Baada ya saa tatu usiku, simu ya mdogo wangu ikigawa intaneti, tulipata megabiti 11 kwa sekunde. Netflix, kwa mfano, wanasema megabiti 5 zinatosha kwa picha ya mistari 1080, ile ambayo wengi tunaiita HD kamili. Tatu, tukafungua YouTube kwenye kompyuta ile ile, video ya wanyama wa Serengeti, tukaiweka 1080. Majani yanahesabika. Nne, muvi yao ile yenye ukungu, akaunti ile ile, mtandao ule ule, tukaifungua kwenye simu ya shemeji. Safi! Mpaka jasho kwenye paji la uso la mchezaji unaliona.

Mdogo wangu akatazama simu, akatazama kompyuta.

"Kwa hiyo nani mwongo hapa?"

Swali zuri sana. Kaa chini nikueleze, maana na mimi nilieleweshwa.

Video ya kutazama mtandaoni haiji kama faili moja. Imekatwakatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimeandaliwa katika matoleo kadhaa: mistari 480, 720, 1080, na kwa wenye 4K mistari 2160. Mtandao ukiwa dhaifu unaletewa toleo dogo, ukipata nguvu unaletewa kubwa. Hiyo wengi wanaijua. Wasichokijua ni kwamba kila toleo la muvi ya kulipia limefungwa kwa kufuli ya siri, na kabla video haijaanza kifaa chako huomba funguo. Seva nayo huuliza: wewe ni nani, na unatunzaje siri? Kwa kadiri unavyoaminiwa ndivyo unavyopewa funguo. Asiyeaminiwa sana anapewa funguo za toleo dogo basi. Hata ukiwa na mtandao wa kurushia roketi, toleo kubwa hutalifungua.

Kufuli inayotumika kwenye Chrome, Firefox na simu za Android inaitwa Widevine. Ni mali ya Google, waliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2010. Ina daraja tatu. Daraja la kwanza, L1, kazi yote ya kufungua kufuli na kutengeneza picha hufanyika ndani ya chumba maalumu kwenye chipu, chumba ambacho hata mwenye kifaa, aliyekinunua kwa pesa zake, haruhusiwi kuchungulia. Daraja la tatu, L3, hakuna chumba. Ni programu tu inayojitahidi kujificha. Kompyuta ya Linux ya kawaida, ukitumia kivinjari, inahesabiwa L3. Windows ina kufuli yake ya Microsoft inayoingia mpaka kwenye chipu, na Mac ina ya Apple. Linux ya mezani haikupewa mlango wa chipu. Kila kampuni ya filamu inajiamulia L3 wapewe nini: wengine 720, wengine chini ya hapo. Watumiaji wa Linux wa Amazon Prime Video wamelalamika miaka na miaka kwamba hawafikishwi hata HD.

Na baada ya funguo bado kuna waya. Picha ikitoka kwenye kompyuta kwenda kwenye televisheni kwa HDMI inapita kwenye kufuli nyingine inaitwa HDCP, iliyobuniwa na Intel. Televisheni ikishindwa kujitambulisha, picha inapunguzwa au inakuwa nyeusi. Ndiyo maana yule jamaa yako mwenye projekta ya zamani ya VGA kila siku analaumu waya.

Nikiwa pale Goweko nilikumbuka hongo. Siku hizi hongo ni rushwa, lakini zamani kwenye njia ya misafara kutoka pwani kuja Kaze, yaani Tabora, hongo ilikuwa ushuru wa njia. Burton na Speke walifika Kaze Novemba 1857 wakiwa wameshalalamika vya kutosha kuhusu hongo za Ugogo. Unafika kwa mtemi, unatoa merikani, unatoa kaniki, unatoa shanga, unaruhusiwa kupita. Kesho mtemi mwingine. Lakini angalau mtemi wa Ugogo akishapokea kitambaa chake mzigo wako ulipita mzima. Hapa shemeji ametoa hongo yote mlango wa kwanza, kisha mlango wa mwisho, ndani ya kompyuta yake mwenyewe, anaambiwa mzigo upite nusu. Na merikani harudishiwi.

Kwa nini Linux? Kwa haki, tusikilize na upande wa pili. Linux ni programu ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, kuisoma na kuibadilisha. Ndiyo uzuri wake. Ndiyo iliyowawezesha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004 bila kumpigia magoti mtu. Ndiyo iliyowafanya wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki kuagiza CD za Ubuntu zilizoletwa bure kwa posta, mpango uliodumu mpaka 2011. Sasa mwenye muvi anawaza: kama mtu anaweza kubadilisha kila kitu, nini kitamzuia kukinga ndoo pale ambapo picha inamwagika kwenda kwenye skrini na kuiweka yote? Studio za filamu zinaandika hofu hiyo kwenye mikataba, na kampuni za mtandaoni zinatii. Sisemi hofu yao ni ya kubuni.

Lakini sikiliza hili, maana ndipo shemeji mwenyewe alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ile simu yake ya Android iliyoonyesha jasho la mchezaji, moyo wake ni Linux. Televisheni za LG zenye webOS na za Samsung zenye Tizen, Linux. Zinapewa mpaka 4K. Kwa hiyo ugomvi si na Linux. Ugomvi ni nani ameshika ufunguo wa chumba. Kwenye simu ameshika mtengenezaji, na wewe umekaa sebuleni kama mgeni. Kwenye kompyuta ya shemeji ameshika shemeji, na kwa kuwa ni bwana wa nyumba yake, ananyimwa picha. Mdogo wangu akasema, "Yaani anaadhibiwa kwa kuwa na nyumba yake?" Eti ndiyo, mama.

Mambo haya si mapya. Wenye umri wangu mnakumbuka DVD. Disiki zilikuwa na kufuli, tena zilikuwa na namba za kanda. Sisi Tanzania tulikuwa kanda namba 5, pamoja na India na Urusi, na ukiletewa disiki halali na shangazi kutoka Uingereza, ambako ni kanda 2, mashine yako inaitema. Na kwa Linux hapakuwa na programu halali ya kuzicheza. Mwaka 1999 kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, alishiriki kutoa programu iliyoifungua kufuli hiyo, iliitwa DeCSS. Alisema walitaka kutazama DVD kwenye Linux. Akashtakiwa kwao. Mahakama ikamwachia Januari 2003, upande wa mashtaka ukakata rufaa, akaachiwa tena Desemba mwaka huo huo. Hoja iliyomwokoa ni rahisi hata bibi yangu angeielewa: disiki ameinunua, ana haki ya kuitazama.

Zama za mtandao zikaanza vile vile. Netflix mwanzoni walitumia programu ya Microsoft iliyoitwa Silverlight, na watu wa Linux wakabaki mlangoni mpaka Oktoba 2014 walipofunguliwa kupitia Chrome. Januari 2016 Netflix wakaingia nchi zaidi ya 130 kwa mkupuo, Tanzania ikiwemo. Septemba 2017 chombo kinachosimamia viwango vya wavuti, W3C, kikapitisha rasmi utaratibu wa kufuli hizi kukaa ndani ya vivinjari. Watetezi wa haki za kidijitali wa EFF, Marekani, wakajiuzulu uanachama siku hiyo hiyo kwa hasira. Disney+ ilipofunguliwa Marekani Novemba 2019, watumiaji wa Linux waliolipa walikuta hawaingii kabisa, baadaye wakaruhusiwa. Unaona mtindo? Mlango unafungwa na kufunguliwa, na aliyelipa hana kauli.

Na je, kufuli inazuia wizi? Hapa nitasema ninachokiona kwa macho yangu. Si mbali na stesheni kuna kijana mwenye kibanda cha kujaza muvi kwenye flashi. Muvi ile ile ya ukungu ilikuwa kwake. Mdogo wangu, mtundu tangu utoto, alikuwa ameshaletewa na jirani. Tukaichomeka kwenye kompyuta ile ile ya Linux iliyonyimwa. Mistari 1080, safi kama maji ya kisima. Hakuna kufuli, hakuna bando, hakuna anayeuliza wewe ni nani. Mwizi amekula paja, aliyelipa amepewa shingo.

Sababu yake ni nyepesi. Kufuli inatakiwa imshinde kila mtu, siku zote; mvunjaji anatakiwa ashinde mara moja tu, mahali popote duniani. Mwaka 2010 ufunguo mkuu wa HDCP ulivuja, na Intel wakakiri ni wenyewe. Januari 2019 mtafiti David Buchanan alitangaza kuwa ameivunja L3. Nakala moja ikishatoka bila kufuli, inasafiri kwa flashi, kwa basi, kwa treni, mpaka mahali ambapo mtandao haufiki.

Usinielewe vibaya, sikutumi kibandani. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, COSOTA wapo, na sisi tuliokua na Bongo Movie tunajua nakala za barabarani ziliwafanya nini wasanii wetu. Watu walicheza filamu zikapendwa mpaka Kongo, na mfukoni hamna kitu. Mwaka 2013 serikali ilianza kubandika stempu za kodi kwenye CD na DVD ili halali ijulikane. Stempu ikabaki kwenye disiki, muvi zikahamia kwenye flashi. Leo filamu ya Kitanzania kama Binti ya Seko Shamte imefika Netflix, na nataka kila anayeitazama ailipie. Ndiyo maana linaniuma. Mtu amekubali kulipa, kijijini, kwa pesa ya mshahara wa mwalimu, halafu ndiye anayetendewa kama mtuhumiwa.

Basi tukarudi kwenye nyumba. Shemeji, kwa kuumia, akasema kesho atarudisha Windows. Nikamkataza. Windows 10 haina matengenezo ya bure tena, na kompyuta ndiyo inayobeba alama za watoto wa watu. Usiharibu kazi ya siku sita kwa ajili ya saa mbili za Jumamosi. Mdogo wangu ndiye aliyeleta jawabu. Akasema kama kompyuta haiwezi kupewa zaidi ya picha ndogo, kwa nini tunalipa bei ya picha kubwa? Wakashusha kifurushi usiku ule ule mpaka cha chini kabisa. Tofauti wanaiweka kwa ajili ya betri ya pili ya sola.

Na kuna faida ambayo hatukuitegemea. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, na 4K mpaka GB 7, wakati ya kiwango cha kati inakula kama GB 0.7. Muvi ya saa mbili, fanya mwenyewe hesabu ya bando. Picha ndogo kwenye skrini ndogo si dhambi kabisa, mradi uwe umeichagua na umelipa bei yake. Kinachokera ni kuuziwa gunia ukapimiwa debe.

Muvi wanazozipenda sana wanazipakua kwenye simu ya shemeji kwa bando la usiku, mdogo wangu akiwa zamu, na Jumamosi wanazitazama kwenye simu wakiwa wamebanana kwenye mkeka mmoja. Skrini ya inchi sita na nusu kwa watu wawili, unaelewa mwenyewe wanavyokaa. Sikusikia mtu akilalamikia ukubwa wa picha. Ile habari ya chenji na soda haikutajwa kamwe mbele ya mwalimu, na mimi sikuitaja. Niliona tu kwamba kesho yake alikaangiwa karanga bila kuomba.

Sasa wewe uliye mjini, kabla hujasema hayo ni ya Linux hayakuhusu, shika simu yako. Simu nyingi za bei ya chini madukani kwetu, Android zenye kioo kizuri kabisa cha 1080, ziko L3. Kioo kinaweza, chipu inaweza, ila mtengenezaji hakuzipatia kibali cha L1, na hutaambiwa. Fungua programu ya Netflix, ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya uchunguzi inayoeleza uwezo wa kucheza video: imeandikwa daraja la Widevine na kiwango cha juu cha picha utakachopewa. Kama huna Netflix, kuna programu ndogo za bure kama DRM Info zinazoonyesha jambo hilo hilo. Dakika mbili tu. Kaka anayenunua simu ya zawadi kwa mchumba wake afanye hivyo dukani, kabla pesa haijatoka mfukoni, si nyumbani baada ya kuifunga utepe.

Vile visanduku vya bei poa vya kugeuza televisheni kuwa ya kisasa ndiyo usiseme. Juu ya boksi wameandika 4K kwa herufi za dhahabu, na ni kweli chipu inacheza 4K, ya video isiyo na kufuli. Ukifungua huduma ya kulipia unapewa 480, kwa sababu hakina kibali cha mwenye muvi. Muuzaji atakwambia, "Dada, hiyo ni 4K, soma hapo." Mwambie akichomeke kwenye televisheni, aingize akaunti yako, muione wote.